Gari Dogo na Kamera Tano Nje ya Ngome Kongwe

Mji Mkongwe haupokei malori. Vichochoro vyake vilipimwa kwa mabega ya watu na mikokoteni ya mahamali, na hata barabara ya Forodhani, ambako gari hupita, huwezi kupata pahala pa kuegesha gari la mita 12 usiku ambao watu wamejaa wakisubiri urojo na mishikaki. Ndiyo maana gari letu la kurushia matangazo ni Hiace yenye paa la juu. Tumeing'oa viti vyote vya nyuma, tukatia rafu mbili za mitambo, meza ya watu watatu na kiyoyozi. Humo ndani naendesha kamera tano, mara mojamoja sita. Mimi ni fundi mitambo: picha ikitoka mbaya, au isipotoka kabisa, ni mimi wa kuulizwa.

Vijana wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza kwanza wanunue kamera gani. Siku hizi kamera nzuri si shida kuzipata. Kinachoangusha matangazo mubashara visiwani kwetu ni mambo ambayo mtazamaji hayaoni, na gari dogo huyaleta yote mlangoni kwa pamoja kwa sababu halina nafasi ya ziada ya kuficha makosa.

Nianze na umeme. Unguja tunapata umeme kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na Pemba tangu mwaka 2010 wanao wao unaotokea Tanga. Aliyekuwepo Unguja mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010, waya ulipoharibika tukakaa gizani kiasi cha miezi mitatu, hahitaji kuelezwa kwa nini jenereta kwangu ni la lazima. Lakini hata siku umeme upo, siuamini mpaka niupime. Soketi ya kawaida ya ampea 16 kwa volti 230 inatoa wati 3,680 na hapo umefika mwisho. Mitambo yangu yote ikiwaka inakula kama wati 1,700. Kiyoyozi kinachukua kama wati 1,000 tena, na kinapoanza kuzunguka huvuta zaidi kwa sekunde chache. Mtu mmoja akichomeka birika la chai kwenye laini hiyohiyo, mnazimika nyote. Kwa hiyo mitambo hupita kwenye betri ya akiba, na kiyoyozi nakiweka laini yake peke yake. Betri yenyewe inanipa dakika kumi tu, nazo zinatosha kuwasha jenereta bila picha kukatika.

Kiyoyozi wengi hukiona ni starehe ya mafundi. Kila wati inayoingia kwenye mtambo hutoka ikiwa joto, haina pengine pa kwenda. Wati 1,700 ni zaidi ya pasi moja inayowaka mfululizo ndani ya daladala lililofungwa milango, tena ongeza watu watatu. Wakati wa Kaskazi, mwezi wa Februari, nimeona swicha, mtambo wa kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani, ikizima yenyewe katikati ya kipindi kwa joto, na ikizima hiyo, kamera zote tano zimekwenda. Baridi nayo ina adhabu yake. Kamera iliyolala kwenye gari lenye kiyoyozi ukiitoa ghafla kwenye unyevu wa pwani, lenzi inatoka jasho papo hapo, na kuifuta hakusaidii kwa sababu ukungu unarudi. Dawa ni kuzitoa saa nzima kabla, zikae kwenye mabegi yake zizoee hewa.

Usiku wa taarab ndani ya Ngome Kongwe ndio ninaoupenda kuliko kazi zote, na ndio unaoonyesha gari dogo linavyotakiwa kufikiri. Gari linabaki nje. Jukwaa liko ndani, nyuma ya kuta nene za mawe, nasi haturuhusiwi kupiga hata msumari mmoja: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hata usingekuwemo, ukuta ule umetangulia sana kuwepo kuliko sisi. Waya wote lazima uzunguke upitie langoni. Kwa jicho unaona jukwaa liko karibu. Ukipima kwa kamba ukifuata njia ya waya, kamera ya mbali kabisa inakaribia mita 130.

Hapo ndipo wengi huumia. Picha ya HD inapita kwenye waya wa shaba kwa biti bilioni 1.485 kwa sekunde. Waya mnene wenye ubora unaibeba kiasi cha mita 100, waya mwembamba chini ya hapo sana. Na picha hii haizeeki polepole kama ya antena ya zamani iliyokuwa ikianza na chengachenga. Inakuwa safi, safi, safi, ukiongeza mita chache zinaanza nukta za kumetameta, ukiongeza nyingine ni giza. Kwa hiyo kamera mbili za mbali nazipeleka kwa waya wa faiba, unaobeba picha kwa mwanga, na kibadilishi kidogo kila upande. Faiba haijali mita 130, wala haipitishi umeme, na hilo la pili ndilo lililoniokoa mahali pengine.

Ilikuwa ukumbi mmoja wa shamba. Sisi tuko kwenye jenereta letu, jukwaa liko kwenye umeme wa ukumbi, na waya wa sauti wa shaba umetuunganisha. Ethi mbili tofauti, yaani nyaya za usalama zinazopeleka ardhini umeme unaovuja, zikakutana kupitia waya ule, na kwenye spika za gari ukaja mngurumo mzito wa hezi 50. Mtu mmoja wa jukwaani akashika koleo akitaka kukata waya wa ethi ili mngurumo uondoke. Nilikimbia. Mngurumo kweli ungeondoka, lakini chombo kikivuja umeme usiku ule, mwimbaji aliyeshika maikrofoni ndiye angekuwa ethi. Weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya sauti, au peleka sauti kwa faiba. Ethi usiiguse. Hili nalisema kwa herufi nzito kama blogu ingeniruhusu kupaza sauti.

Turudi Ngomeni. Kamera ya kwanza iko nyuma juu, inaona jukwaa zima. Ya pili ni ya uso wa mwimbaji. Ya tatu iko kando karibu na ala, na mpiga picha wake lazima awe mtu anayesikia muziki, kwa sababu ganuni ikianza peke yake tunataka vidole vile viwili vyenye vidonoleo wakati huohuo, si baada ya fidla kuingia. Ya nne inatembea. Ya tano inawatazama watu, na hii wageni wa kazi hudhani ni ya kujaza nafasi. Kwenye taarab mtu anayenyanyuka kwenda kutunza ni sehemu ya wimbo. Hanyanyuki ovyo. Anasubiri ubeti wake, pale fumbo linapomgusa au linapomgusa mwenziwe aliyekaa mistari miwili nyuma, ndipo anasimama na noti mkononi, anakwenda kwa mwendo wa ngoma. Mwongozaji asiyejua hayo anabaki kwenye uso wa mwimbaji na kuupoteza usiku wote. Wetu anajua. Utamsikia kwenye intakomu: "Tano, bibi wa buibui anainuka, mshike… mshike… tano! Moja jiandae." Ndani ya gari dogo amekaa begani kwangu, na mimi namwona anachotaka kabla hajasema, nafungua mwanga wa kamera ya tano kidogo kwa sababu najua anakokwenda kuna giza.

Kazi hiyo ya kulinganisha kamera ndiyo inayokula macho yangu. Kanzu nyeupe na nyuso zetu zimo kwenye fremu moja, na kamera ikiachiwa ijiamulie itaitunza kanzu na kuuzika uso. Mimi napima kwa uso, kanzu na ipotee kidogo ikibidi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, miaka kama ishirini kabla bara hawajapata televisheni yoyote, na mimi huona ni aibu kwetu sisi kumrusha hewani mtu wa hapa akiwa na rangi ya majivu.

Jua nalo halitusubiri. Tuko digrii sita tu kusini ya ikweta, magharibi huja haraka: ukianza kipindi saa kumi na mbili na robo na mwanga wa mchana, ndani ya nusu saa uko kwenye taa tupu, na rangi za kamera zote tano umezigeuza mubashara.

Mtu wa sauti simweki garini. Karibu na mwongozaji anayeita kamera hawezi kusikia nyuzi za udi. Anakaa ndani ya Ngome pembeni, na vifaa vyake, ananiletea sauti iliyokwisha changanywa. Picha yangu inachelewa fremu mbili ikipita kwenye mitambo, yaani milisekunde 80 kwa fremu 25 za sekunde, basi na sauti naichelewesha hivyohivyo. Usipofanya hivyo, ngoma ya dumbak inalia kabla mkono haujashuka.

Kutoa picha kwenda kituoni tunatumia mtambo unaounganisha laini kadhaa za simu kwa pamoja. Nilijifunza kwa uchungu kwenye kiwanja kimoja: saa tisa mchana, viti vitupu, laini zote zilikuwa nzuri. Usiku watu wameingia na kila mmoja ana simu anarusha chake, mnara ukashindwa na picha yetu ikagandaganda. Siku hizi natumia laini za mitandao tofauti, antena nazipandisha juu ya paa, na penye intaneti ya waya naiomba siku mbili kabla. Jaribio la mchana silihesabu.

Kwenda Pemba ni kazi ya siku nzima: meli inayobeba magari, halafu barabara kutoka bandari ya Mkoani hadi Chake Chake. Kila skrubu ya rafu inakazwa kabla ya kupanda na inakazwa tena tukishuka. Na usiku tukimaliza, hata iwe saa nane, waya haukunjwi kwenye kiwiko. Unakunjwa pete kwa pete, moja juu moja chini, huku mwenzio anaufuta kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ya Forodhani imeshaushika tangu jioni, na vichwa vyake vinafunikwa kimoja kimoja kabla havijaingia garini.