Carol Channing na kazi ngumu ya kuchekesha ndani ya wimbo

Nafundisha uigizaji wa tamthilia za muziki. Wanafunzi wa kike wenye kipaji cha kuchekesha huniuliza swali lile lile kila mwaka: je, kazi hii itanifikisha wapi? Wanaona wenzao wenye sauti nyororo wakipewa nafasi ya binti anayependwa, na wao wakiachiwa ya rafiki yake, shangazi yake au jirani mmbea. Mimi huwajibu kwa kuwasimulia Carol Channing, mwigizaji wa Marekani. Kwa maoni yangu mwigizaji wa vichekesho huanza kuiva umri ambao binti anayependwa ameshaacha kupigiwa simu, na hakuna maisha yanayoonyesha hilo waziwazi kama yake.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu ugumu wenyewe. Kwenye mchezo usio na muziki, mwigizaji akitoa neno la kuchekesha husubiri kidogo. Kicheko kinapanda, kinafika kileleni, na kinapoanza kushuka anaingia na neno linalofuata. Ndani ya wimbo uhuru huo haupo. Okestra inakwenda na mapigo yake. Kicheko kikichelewa kuisha, mstari unaofuata unazama, na mara nyingi huo ndio uliokuwa unatayarisha kicheko cha pili. Ukipoteza mmoja umepoteza miwili.

Mtunzi mwenye uzoefu huliona hilo mapema, akaacha mapigo matupu baada ya neno lenye kuchekesha. Pengine huandika kipande kifupi cha muziki ambacho okestra hukirudia mpaka mwimbaji awe tayari. Hapo kiongozi wa okestra hasomi karatasi tena, anamwangalia mwigizaji: kidevu kikiinuka, pumzi ikivutwa, wanaendelea. Watazamaji wa leo watacheka mapigo manne, wa kesho mawili, wa Jumamosi usiku wataangua kicheko ambacho hukukitarajia kabisa. Mwigizaji anapaswa kuhesabu muziki, kusikiliza ukumbi, kukumbuka hatua za dansi, na wakati huo huo aonekane hana habari na lolote kati ya hayo. Na konsonanti zake lazima zisikike, kwa sababu kicheko mara nyingi kimekaa kwenye neno la mwisho la mstari, lile linalobeba kina, yaani mlingano wa sauti na mstari mwingine. Likimezwa, ukumbi mzima unageukiana kuulizana amesema nini.

Channing alizaliwa Seattle mwaka 1921 na kukulia San Francisco. Mlango wake ulifunguka mwaka 1948 katika Lend an Ear, onyesho la vichekesho vifupi vifupi na nyimbo huko Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, lililotengenezewa dansi na Gower Champion. Mwandishi Anita Loos, aliyemuumba mhusika Lorelei Lee katika kitabu chake cha mwaka 1925, Gentlemen Prefer Blondes, alimwona pale akaamua kwamba huyo ndiye Lorelei wa jukwaani. Tamthilia ya muziki iliyotokana na kitabu hicho ilifunguliwa Desemba 1949.

Hebu tazama uteuzi huo ulivyokuwa wa ajabu. Lorelei ni msichana anayejifanya mdogo, dhaifu, asiyejua kitu, huku akili yake ikihesabu almasi. Channing alikuwa mrefu, mwenye macho makubwa na mdomo mpana, na sauti iliyotoka chini kabisa kifuani kisha ikaruka ghafla hadi kwenye mlio mwembamba. Mwanamke huyo anasimama katikati ya jukwaa na kuimba kwamba yeye ni kabinti kadogo tu kutoka Little Rock. Hakonyezi watazamaji jicho. Hawaashirii kwamba anajua anachekesha. Anaamini udogo wake kwa moyo wote, na mwili wake unamkanusha. Hapo ndipo kicheko kinapozaliwa, na nawaomba wanafunzi wangu wakitafute hapo hapo: kati ya kile mhusika anachokiamini na kile ukumbi unachokiona.

Wimbo wa almasi zile, "Diamonds Are a Girl's Best Friend", ulimpa umaarufu, ila sinema ya mwaka 1953 ilimpa nafasi hiyo Marilyn Monroe. Miaka iliyofuata haikuwa laini. Alichukua nafasi ya Rosalind Russell katika tamthilia ya muziki Wonderful Town, kisha nyingine, The Vamp ya mwaka 1955, ikafungwa ndani ya miezi miwili. Wengi huishia hapo, wakibaki kukumbukwa kwa wimbo mmoja.

Januari 16, 1964, Hello, Dolly!, tamthilia ya muziki kuhusu mshenga wa ndoa aitwaye Dolly, ilifunguliwa katika ukumbi wa St. James, nyimbo zikiwa za Jerry Herman na uongozaji wa Champion yule yule. Channing alikuwa amebakiza siku 15 kutimiza miaka 43. Nafasi ya Dolly ilikuwa imekusudiwa kwa Ethel Merman, nyota wa Broadway, naye akaikataa. Onyesho lilizoa tuzo 10 za Tony, tuzo kuu za Broadway, mojawapo ikiwa ya Channing, aliyewashinda wagombea wengine akiwemo Barbra Streisand kijana.

Watu hukumbuka ngazi: Dolly mwenye gauni jekundu anashuka taratibu katika mgahawa wa Harmonia Gardens, wahudumu wanamwimbia, kisha wote wanatoka kwenye njia inayozunguka shimo la okestra hadi karibu na magoti ya watazamaji. Ni picha nzuri kweli. Mimi lakini ninayempigia magoti ni Dolly anayekula. Baada ya vurugu mgahawani watu wote wanafikishwa mahakamani, na yeye bado yuko mezani, anakula. Anakata, anachovya, anatafuna, anameza, anachukua kingine. Shughuli nzima ya jukwaa inamsubiri mwanamke mmoja amalize chakula chake. Hakuna wimbo wa kumbeba wala maneno ya kuchekesha, ana uma na subira yake tu. Mwigizaji wa miaka 22 hawezi kukaa kimya kiasi hicho mbele ya ukumbi uliojaa. Ataongeza kitu, atazungusha macho, ataomba acheke nao. Ujasiri wa kuacha ukumbi usubiri huja baada ya kuanguka mara kadhaa, pamoja na kuanguka kama kule kwa The Vamp.

Kuna jambo la pili, na bila hilo Dolly hubaki kikaragosi. Ni mjane. Anazungumza na marehemu mumewe, Ephraim, akimwomba ruhusa ya kurudi miongoni mwa watu walio hai, kisha anaingia katika "Before the Parade Passes By", wimbo ulioongezwa onyesho likiwa bado linajaribiwa Detroit. Ukumbi uliokuwa unacheka unanyamaza, na unanyamaza kwa sababu ulikuwa unacheka. Anayeweza kuwavusha watazamaji kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kubadilisha sauti yake ndiye ninayemwita mwigizaji wa vichekesho. Wengine wanatania tu.

Sinema ya Dolly, mwaka 1969, ilikwenda kwa Streisand, ambaye hakuwa amefika miaka 30. Mjane wa umri huo ana huzuni ya aina nyingine kabisa, na tamthilia ikapungukiwa. Sikubaliani na wanaosema uso wa Channing ulikuwa mkubwa mno kwa kamera. Alishaigiza katika Thoroughly Modern Millie ya mwaka 1967 na kuteuliwa kuwania Oscar. Jukwaa lilimrudishia alichonyimwa kwingine. Alirudi Broadway na Dolly mwaka 1978, akarudi tena 1995 akiwa na miaka 74, mwaka ambao pia alipewa Tony ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Alifariki Januari 2019 akiwa na miaka 97.

Na wala si yeye peke yake. Alipoondoka New York mwaka 1965, Ginger Rogers aliichukua nafasi ile akiwa na miaka 54. Mwaka 1967 Pearl Bailey, miaka 49, aliongoza kundi la waigizaji weusi pekee, akimfanya Dolly achekeshe kwa namna yake kabisa, ya utulivu na mazungumzo ya pembeni na watazamaji. Merman mwenyewe aliingia mwaka 1970, akiwa na miaka 62, akarudishiwa nyimbo mbili zilizoandikwa kwa ajili yake mwanzoni, na ndiye aliyelifunga onyesho Desemba mwaka huo baada ya maonyesho 2,844. Lilipofufuliwa mwaka 2017, Bette Midler alishinda Tony kwa nafasi hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 71.