Je, wajua kwa nini mvuke wa gundi huvutwa puani, ganzi ikaanzia miguuni?

Fundi viatu anayepaka gundi kutwa nzima katika chumba kisicho na dirisha hujua kwamba kichwa kitamuuma. Asilolijua ni kwamba miezi kadhaa baadaye vidole vya miguu vinaweza kufa ganzi, kisha vya mikono, hata kupanda ngazi kukawa shida.

Kemikali inayosababisha hali hiyo mara nyingi ni heksani, kiyeyushi kinachotokana na mafuta ghafi, kinachopendwa kwenye gundi na dawa za kuondolea grisi kwa sababu hukauka upesi. Ini, katika kuihangaikia ili itoke mwilini, huigeuza hatua kwa hatua mpaka ikawa 2,5-heksanedioni. Hiyo ndiyo sumu hasa. Huzishika protini zinazojenga nyuzi za neva na kuzifungamanisha. Protini hizo hutengenezwa karibu na uti wa mgongo, kisha husafiri polepole mno kwenda mwisho wa neva, na neva inayofika kidoleni mguuni huwa na urefu wa karibu mita moja. Zikifungamana hukwama njiani, neva huvimba na ncha yake hufa. Ndiyo maana zile ndefu kuliko zote hutangulia.

Mwaka 1973, katika kiwanda cha vitambaa vya plastiki huko Columbus, Ohio, wafanyakazi zaidi ya 80 walikutwa wameharibika neva. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha kiyeyushi muda mfupi kabla. Hicho kipya hakikuwa heksani, lakini mwilini nacho kiliishia kuwa 2,5-heksanedioni ileile. Kwa hiyo anayepima hatari asitosheke na jina lililo kwenye kopo. Aulize mwili utakigeuza kilichomo kuwa nini. Heptani, kwa mfano, inafanana sana na heksani, ila sumu ya namna hii inayotokana nayo ni kidogo mno, na viwanda kadhaa vimehamia huko.

Vipimo vya hewa navyo vina mtego. Sheria ya Marekani inaruhusu sehemu 500 za heksani katika kila milioni ya hewa, ilhali wataalamu wa ACGIH, chama cha Marekani cha wataalamu wa afya kazini, wanapendekeza zisizidi 50. Karakana inaweza kutii sheria na bado ikawalemaza watu, jambo ambalo kwangu halikubaliki. Tena kipimo cha hewa hakioni kinachopenya kwenye ngozi ya mkono usio na glavu. Mkojo wa mwisho wa zamu, ukipimwa 2,5-heksanedioni, huonyesha kilichoingia mwilini kweli.

Mchanganyiko nao uangaliwe. Mafundi magari wa California walioumwa mwaka 1999 na 2000 walitumia dawa ya kusafishia breki yenye heksani pamoja na asetoni, na asetoni huongeza ukali wa heksani. Huko Suzhou, China, wafanyakazi wa kiwanda cha Wintek walisafishia vioo vya simu heksani badala ya alkoholi. Mwaka 2011 kampuni ya Apple ilikiri kwamba 137 walidhurika.

Mtu akiacha kazi hiyo, ganzi huweza kuzidi kwa wiki au miezi kabla ya kuanza kupungua. Dalili zake hufanana na za kisukari, hivyo fundi aendapo hospitali amweleze daktari kazi anayofanya, na aende na kopo la gundi.