Pai ya matunda si chapati: acheni kuukanda unga wake

"Mwalimu, nimekanda mpaka mikono inauma, mbona pai imekuwa ngumu?" Kila msimu wa maembe wanafunzi wangu hapa Tanga wananiletea swali hili, na jibu limo humo humo ndani ya swali. Umekanda.

Najua linatoka wapi. Tumelelewa na chapati na maandazi, unga unakandwa mpaka ulainike na kuvutika. Huko ni sawa. Unga wa ngano ukipata maji na kukandwa hujenga gluteni, zile nyuzi zinazoshikilia donge. Pai inataka kinyume chake kabisa: ganda livunjike kwa uma. Kazi hiyo hufanywa na siagi ya baridi. Vipande vyake huyeyuka wakati wa kuoka, vikaacha nafasi, na mvuke ukainua tabaka. Ukikanda, joto la viganja limeshaiyeyusha siagi, na gluteni umeshaijenga. Ganda hilo hata ulioke kwa ustadi gani litabaki gumu.

Basi chukua gramu 250 za unga, 125 za siagi iliyotoka kwenye friji na chumvi kidogo. Sugua kwa ncha za vidole mpaka unga ufanane na chenga za mchele. Vipande vya siagi vikibaki vinaonekana, viache. Nyunyiza maji ya barafu kijiko kimoja kimoja cha chakula, vitatu au vinne hutosha. Kusanya donge tu, usilitafutie ulaini, ulifunge na kulirudisha kwenye friji nusu saa. Na uanze alfajiri! Kwa joto letu la pwani, siagi ya saa saba mchana imeshakuwa mafuta kabla hujaosha bakuli.

Wengine hutia beking poda ili ganda "liumuke". Ganda la pai halihitaji kuumuka. Poda hiyo waachie keki.

Kuna wanaoamini nanasi bichi huharibu pai kwa kuifanya majimaji. Hilo ni la jeli: kimeng'enya cha nanasi huvunja jelatini, protini inayogandisha jeli. Pai tunaishika kwa konfulawa, ambayo ni wanga, haiguswi. Kata nanasi, embe dodo ambalo bado gumu kidogo, na peasi za Lushoto ukizipata. Tia sukari, acha nusu saa, chuja maji, kisha changanya na vijiko viwili vya konfulawa na ndimu. Hiliki mimi siiachi. Ndizi mbivu usiweke, inakuwa uji.

Pai zinakuwa majimaji kwa sababu watu huziepua mara juu pakishapiga rangi. Konfulawa haishiki mpaka juisi ichemke. Kabla ya kuoka, kata chale kwenye ganda la juu, kisha uchungulie humo: mapovu mazito yakitokota, imeiva.

Huna oveni? Sufuria na mkaa vinatosha, ila msipange moto kama wa keki, mwingi juu na kidogo chini. Kitako cha pai kitabaki kibichi. Pasha sufuria kwanza, gawa mkaa sawa juu na chini kwa robo saa ya mwanzo, halafu punguza wa chini. Ikiiva, iache ipoe saa mbili au tatu kabla ya kukata, hata wageni wakiwa wameshakaa mkekani.