RAM kubwa pekee haiendeshi gemu

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kisumu: "Laptop ya RAM GB 16 inacheza gemu yoyote." Si kweli. RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta; picha za gemu huchorwa na GPU, yaani chipu ya kuchora picha, na laptop nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba hazina GPU ya pekee yenye kumbukumbu yake. GPU iliyomo huazima RAM hiyohiyo ya laptop. Kinachochanganya watu ni kwamba ukiongeza RAM mashine huchangamka kweli, ila gemu nzito bado inakwamakwama.

Kabla ya kununua laptop, iwashe; kwenye Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua Performance, bofya GPU usome jina lake. Lilinganishe na mahitaji yaliyoandikwa na watengenezaji wa gemu. Muuzaji akikataa uiwashe laptop, ondoka. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.