Methionini ya kuku haimfikii ndama tumboni

Mwanzoni mwa mwezi huu kijana mmoja wa Machame alinikuta kwenye duka la pembejeo hapa Moshi mjini, mkononi ameshika paketi ya methionini, moja ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. "Shikamoo daktari," akasema, kisha akaingia kwenye hoja yake: ng'ombe wake ana mimba ya miezi saba, naye amesoma kwamba methionini humkuza ndama akiwa bado tumboni. Aweke vijiko vingapi kwenye pumba?

Nilifurahi, maana alichosoma ni kweli. Shida ni paketi yenyewe: ile ni ya kuku.

Kuku ukimpa methionini, inafika utumboni ikiwa methionini. Kwa ng'ombe, chakula hutua kwanza rumeni, lile tumbo kubwa lililojaa mabilioni ya bakteria, na hao ndio wanaokula kabla ya ng'ombe. Huivunja protini mpaka inakuwa amonia, halafu huitumia amonia hiyo kujenga miili yao. Poda ile ikitua humo, sehemu kubwa inaishia hapo hapo. Ndiyo sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitumia methionini iliyofunikwa, inayopita rumeni salama na kufunguka mbele ya safari. Waliwapa ng'ombe wa maziwa siku 28 za mwisho za mimba, na ndama wakazaliwa wakiwa wazito zaidi kwa kama kilo 2.

Mimi uzito ule haunishangazi kama kile walichokiona kwenye kondo la nyuma. Aliyewahi kuliokota kondo bandani anavijua vile vinundu vyekundu, kama vifungo vya koti. Ng'ombe huwa na kati ya 70 na 120, na ndiyo milango ambayo chakula cha ndama hupitia. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Asidi amino nyingi huwa zimejaa zaidi kwenye damu ya ndama kuliko ya mama yake, kwa hiyo haziwezi kujiendea tu kama maji yanavyoteremka mfereji. Hupandishwa, zinabebwa na protini maalumu za uchukuzi, kazi inayokula nguvu. Mama alipopata methionini ya kutosha, baadhi ya wachukuzi hao waliongezeka. Maana yake methionini ni tofali la kujengea mwili wa ndama, na wakati huo huo ni taarifa kwa kondo kwamba chakula kipo, lifungue milango.

Sasa, methionini ya kufunikwa sijaiona ikiuzwa kwa vipimo vya mfugaji wa ng'ombe wawili kihambani. Lakini wale bakteria tuliowalaumu hapo juu ndio mkombozi wetu. Wakisukumwa kutoka rumeni wanameng'enywa na kuwa chakula cha ng'ombe, na miili yao ina methionini na laisini, asidi amino nyingine, kwa uwiano mzuri kuliko karibu kila kitu tunachoweza kununua. Kwa ng'ombe wengi wanaokula majani, zaidi ya nusu ya asidi amino zinazofika utumbo mwembamba ni za bakteria. Basi pesa ya paketi nenda kawalishe bakteria.

Wanataka nguvu na protini kwa pamoja. Mgomba peke yake karibu wote ni maji. Mabua yanayopandishwa na kirikuu kutoka tambarare yanajaza tumbo tu. Ongeza majani ya tembo yaliyokatwa yakiwa machanga, pumba za mahindi, na mashudu ya alizeti. Alizeti ina methionini ya kuridhisha lakini laisini yake ni haba, wakati soya ni kinyume chake, kwa hiyo zikichanganywa zinasaidiana. Soya ikaangwe kwanza mpaka inukie: moto huo huipunguzia kasi ya kuvunjwa rumeni. Ikiungua imekuharibia, kwa sababu laisini ndiyo ya kwanza kupotea. Malisho ya jamii ya kunde kama desmodiamu na kaliandra nayo yana protini nzuri, na tanini, ile dawa ya ukakasi iliyomo kwenye kaliandra, hulinda sehemu ya protini isivunjwe mapema. Lukina, mti mwingine wa malisho, ni nzuri pia, ila isizidi theluthi ya majani yote.

Kinachoniuma ni kuona mashudu yakikatwa siku ile ile ng'ombe anapokaushwa, yaani anapoachwa kukamuliwa ili ajiandae kuzaa. "Hatoi maziwa, anakula za nini?" Nimelisikia Kibosho, Marangu, mpaka Tengeru. Mimba ya ng'ombe ni siku kama 280, na zaidi ya nusu ya uzito wa ndama huongezeka katika miezi miwili ya mwisho, yaani miezi ile ile ya kukausha. Ukimnyima, mama anaanza kula misuli yake ili amlishe mtoto, halafu anazaa akiwa amechoka na maziwa ya mwanzo yanakuwa machache. Na kondo la ng'ombe halipitishi kinga. Ndama anaipata kwenye dang'a, yaani hayo maziwa ya mwanzo, saa za mwanzo tu.

Wengine wanahofia ndama mkubwa atakwama. Hofu hiyo naiheshimu, nimewahi kuvuta ndama usiku kucha. Lakini mara nyingi chanzo ni mtamba mdogo aliyepandishwa mbegu ya dume wa aina kubwa, au ng'ombe aliyenenepeshwa kwa pumba tupu mpaka mafuta yakabana njia. Kilo 2 za mchanganyiko wenye protini kwa siku hazimfikishi huko.

Kijana alirudisha paketi bandani kwa kuku wake. Ng'ombe atakaushwa katikati ya mwezi huu na kuzaa Februari, kiangazi, wakati majani mabichi yatakuwa ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo ameanza kukata desmodiamu sasa, kila jua la vuli linapotoka, na kuianika darini juu ya jiko la mama yake.