Msimamizi wa jukwaa ni nani hasa?

Msimamizi wa jukwaa ndiye anayeliendesha onesho lenyewe. Mwongozaji hulifinyanga igizo wakati wa mazoezi: nani asimame wapi, aseme kwa sauti gani, akasirike kiasi gani. Watu wakishaanza kuingia ukumbini, kazi ya mwongozaji imekwisha. Kuanzia hapo taa haiwaki, muziki haupigwi, pazia halifunguliwi na mwigizaji hatoki mpaka msimamizi aseme. Hata mwongozaji akiona kosa, hapigi kelele kutoka kwenye kiti chake.

Vikundi vidogo vya Mtwara na Lindi mara nyingi hukiona cheo hiki ni anasa. Mwongozaji huyohuyo ndiye mwigizaji mkuu, ndiye anayemkonyeza fundi taa, na kabla ya hapo alikuwa mlangoni akikata tiketi. Aliyeko jukwaani hawezi kuona kwamba mwenzake wa nyuma amekosa kiatu. Kama kikundi kina fedha ya kumlipa mtu mmoja tu asiyeonekana na hadhira, basi awe msimamizi.

Chombo chake kikuu ni daftari. Chapa tamthilia upande mmoja tu wa karatasi, toboa, weka kwenye faili. Maneno ya waigizaji yakae kulia; ukurasa mtupu wa kushoto ndio wa ishara, yaani amri za kuwasha taa, kupiga muziki au kufungua pazia. Kila ishara ina herufi na namba: T ya taa, S ya sauti, P ya pazia. Kutoka kwenye ishara chora mstari mpaka kwenye silabi yenyewe ambayo jambo linatakiwa litokee. "Karibu na mwisho wa maneno ya mama" si ishara, kwa sababu kila usiku mama atamaliza kwa namna yake. Tumia penseli, maana ishara huhamahama mpaka zoezi la mwisho. Kama nusu ukurasa kabla ya kila ishara, andika onyo.

Ishara hutolewa kwa hatua mbili. Kwanza onyo: "T14, kaa tayari." Fundi hujibu, "Tayari." Kisha msimamizi hutaja namba kwanza na amri mwishoni, kwa sababu mkono wa fundi utaondoka na neno la mwisho. Neno hilo la amri lataka kuchaguliwa kwa uangalifu. Wengi huchukua "sasa", na hilo ni kosa kubwa, kwani sisi huanza nusu ya maongezi yetu na "sasa". Msimamizi akinong'ona kwenye redio ya mawasiliano ya kikosi, "Sasa huyu kaenda wapi?", taa zinazimika katikati ya wimbo. Chukua "piga", ukubaliane na kikosi kizima kwamba neno hilo halitamkwi redioni kwa jambo lingine lolote: "T14, piga."

Si lazima msimamizi awe fundi umeme, lakini lazima ajue hesabu moja. Umeme wetu ni volti 230, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13, yaani wati 2,990. Taa tatu za wati 1,000 tayari zimepita hapo. Kwenye kumbi zisizojengwa kwa ajili ya maigizo, mara nyingi soketi zote za ukuta mmoja hutoka kwenye njia moja ya umeme, hivyo kuongeza waya wa kugawia hakuongezi umeme. Taa za LED hupunguza mzigo huu sana. Spika zipewe njia yake, mbali na vipunguza mwanga, la sivyo zitanguruma kila taa inapofifia. Waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu ufunguliwe wote hata kama unahitaji mita 5 tu. Ukiachwa umeviringwa na ukabeba mzigo mkubwa, hujipasha joto wenyewe mpaka plastiki ikayeyuka.

Igizo likiwa na ngoma za huku kwetu, kuna kazi ambazo hazimo kwenye mafunzo ya kigeni. Zipo ngoma ndogo za Kimakonde zenye mguu mrefu uliochongoka, ambao huchomekwa ardhini. Kwenye sakafu ya saruji hazisimami. Dawa yake ni ndoo ya lita 20 iliyojazwa mchanga wenye unyevunyevu na kushindiliwa, kila ndoo na alama yake ya utepe sakafuni. Ngozi nazo hulegea kwa hewa ya pwani, hivyo wapigaji huziotesha moto kabla ya kupiga, na igizo refu huwalazimu kurudia. Moto huo uwe nje, upande ambao upepo hauleti moshi ukumbini, pamoja na ndoo nyingine ya mchanga na mtu asiyeondoka hapo. Kwenye daftari uandikwe kama ishara, dakika 20 kabla ya ngoma kuingia.

Kinyago cha mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kinahitaji uangalifu zaidi. Mchezaji hukivaa kichwani kama kofia na huona kupitia tundu la mdomo, kwa hiyo haoni utepe wa sakafuni wala taa iliyobadilika. Ishara yake iwe ya ngoma. Tena kinyago hakiwekwi kwenye meza ya vifaa pamoja na vikombe na mapanga ya mbao. Kina wenyewe, na anayekivaa hatakiwi kujulikana. Msimamizi awaulize mapema wanataka chumba gani, kisha auweke mlango huo chini ya ulinzi wao.

Saa ya kuanza nayo ni uamuzi wa kiufundi. Jua la Mtwara huzama kati ya saa 12 na saa 12 na nusu na ushee, na uwanjani taa haina maana kabla ya giza. Halafu kuna Magharibi, halafu Isha. Ukianza saa 1 utakatizwa na adhana na nusu ya hadhira iko msikitini. Saa 2 na nusu ni salama mwaka mzima.

Kikosi kikihama, ukumbi wa Lindi hautafanana na wa Masasi. Alama zote zipimwe kutoka mstari wa katikati ya jukwaa, si ukutani. Hapo ukuta ukisogea, mlango na kitanda bado vinabaki kwenye uwiano wao. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, subiri pakauke, ndipo ubandike utepe. Ukibandika juu ya vumbi, utaondoka na kanga ya mwigizaji wa kwanza.

Onesho likiisha, kabla ya kula, msimamizi huandika ripoti ya usiku huo, nusu ukurasa tu: tumeanza 2:37, sehemu ya kwanza dakika 48, T9 imechelewa kwa sababu onyo lilikuwa karibu mno, ndoo ya pili imepasuka, inunuliwe nyingine kabla ya safari.