Je, wajua kifyatulio cha bastola ya upepo ya mashindano hupimwa kwa jiwe la nusu kilo?

Mwaka 2024, picha ya Mturuki Yusuf Dikeç ilipozunguka kwenye simu za watu, mkono mmoja mfukoni na mwingine umenyoosha bastola, mtoto wa kaka yangu alinionyesha tukiwa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Alikuwa anangoja dagaa wake wapimwe. Dikeç na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walikuwa wametoka kushinda medali ya fedha ya timu mchanganyiko ya bastola ya upepo ya mita 10 katika Olimpiki ya Paris. Kijana akauliza: "Bamdogo, hicho kidole kinavuta uzito gani?"

Nikamwonyesha jiwe la nusu kilo lililokaa kwenye mizani mbele yetu.

Ndivyo ilivyo. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo wa kulenga shabaha, ISSF, zinataka kifyatulio cha bastola ya upepo ya mita 10 kisiachie kwa nguvu iliyo chini ya gramu 500. Na kipimo chenyewe ni jiwe kweli. Bastola huelekezwa mtutu juu, wima, kifyatulio kikaningʼinizwa kwenye ukingo wa jiwe lililolala mezani, kisha bastola ikanyanyuliwa polepole. Jiwe likiinuka lote na bastola ikanyamaza, imepita. Unaruhusiwa majaribio matatu. Mchezaji akiitwa kupimwa baada ya kupiga, na bastola yake ikaachia kabla jiwe halijanyanyuka mara zote tatu, huondolewa mashindanoni hata kama amepiga vizuri kuliko wote.

Swali linalofuata ni hili: kama nusu kilo ni ileile kwa kila mtu, mafundi na wachezaji wanahangaika na skrubu kurekebisha nini?

Tuanze na shabaha. Duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, kama upana wa kucha ya kidole cha mwisho, nawe umesimama mita 10, mkono mmoja, bila kuegemea popote. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna takriban sentimita 35. Ncha ya mtutu ikisogea milimita moja tu kutoka kwenye mstari wake, risasi itatua karibu milimita 29 kutoka katikati. Hiyo ni kushuka kutoka 10 hadi 7. Bastola yenyewe ina uzito wa kama kilo moja, maana yake kidole kinaibana kwa nguvu ya nusu ya uzito wake wote. Nguvu hiyo ikienda pembeni kidogo, au ikaja kwa ghafla, mtutu lazima uhame. Kwa maoni yangu hapa ndipo pointi nyingi zinapotea, kuliko kwenye macho au kwenye pumzi.

Ndani ya bastola mambo ni machache. Mtungi mwembamba chini ya mtutu una hewa iliyoshindiliwa, katika bastola nyingi za siku hizi hadi bar 200, wakati tairi la gari dogo lina kama 2 tu. Nyundo ndogo inayosukumwa na springi imezuiwa na kipande cha chuma chenye meno. Kifyatulio kikivutwa vya kutosha, meno yanaachana, nyundo inagonga valvu, hewa kidogo inatoka na kusukuma risasi ya milimita 4.5. Kwa hiyo kazi yote ya kidole ni kuachanisha vyuma viwili vilivyoshikana kwa eneo dogo mno.

Sasa, aliyewahi kuvua migebuka kwa mshipi usiku ataelewa haraka kinachofuata. Ukishusha chubwi, mshipi huwa umelegea. Unauvuta taratibu mpaka ukaze, na kuanzia hapo kidole chako kinajua kila kitu kinachotokea kule chini. Kifyatulio cha mashindano kina hatua mbili kwa namna hiyohiyo. Hatua ya kwanza ni ulegevu wa makusudi: kidole kinasafiri milimita chache dhidi ya springi laini, kisha kinakutana na ukuta. Ukuta huo ndio mwanzo wa hatua ya pili. Ukiongeza kidogo tu, inaachia.

Basi siri iko katika kuigawa nusu kilo. Wapo wanaoweka gramu 400 kwenye hatua ya kwanza na mia moja na kitu kwenye ya pili. Kidole kinabeba mzigo mkubwa mapema, bastola ikiwa bado inashuka kwenye shabaha, halafu kinachobaki ni kidogo, hakina nguvu ya kuusumbua mtutu. Wengine hupenda ukuta ulio mzito zaidi, kwa sababu wakiwa na wasiwasi kidole hutetemeka, na ukuta mwepesi ungewaponyoka. Kwa anayeanza ningemshauri huo wa pili, ukuta anaouhisi waziwazi, kisha ahamishe gramu kidogokidogo kwenda hatua ya kwanza kadiri mkono unavyotulia. Jumla yake isiwe 500 kamili. Iache 510 au 520, maana springi na mafuta hubadilika kidogo, na mezani kwa mwamuzi hakuna wa kumwomba gramu tano.

Wengi hukimbilia skrubu ya uzito, na nadhani wanakosea mpangilio. Cha kwanza ni mahali kidole kinapokaa. Ulimi wa kifyatulio husogezwa mbele, nyuma, na mara nyingi huzungushwa pia, mpaka nyama ya pingili ya mwisho ya kidole iubonyeze moja kwa moja kuelekea nyuma, sambamba na mtutu, bila kidole kugusa mpini. Kikikaa kombo, hakuna gramu zitakazokuokoa, kwa sababu kila mvuto unasukuma bastola kando.

Baada ya hapo ndipo uzito na urefu wa hatua ya kwanza, kisha ukuta. Skrubu inayoamua vyuma viwili vishikane kwa kina gani ndiyo ya kuogopwa. Vikishikana sana, utahisi kifyatulio kinaburuzika kabla ya kuachia, kama mlango unaokwaruza sakafu, na katika mburuzo huo mkono unasogea. Vikishikana kidogo mno, bastola inaweza kufyatuka yenyewe ikigongwa au unapoikoki. Geuza alenki, ule ufunguo wa pembe sita wa skrubu hizi, robo mzunguko tu, andika ulichogeuza na upande gani, jaribu, pima tena kwa jiwe. Anayegeuza skrubu mbili kwa pamoja hatajua ipi iliyoharibu.

Ya mwisho ni kizuizi cha nyuma, kinachosimamisha kifyatulio mara tu baada ya kuachia. Bila hicho kidole kinaanguka kwenye nafasi tupu wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Ila kizuizi kikibanwa kupita kiasi, bastola haitaachia kabisa, au itaachia leo na kugoma kesho vumbi likiingia.

Kazi yote hii hufanywa bila risasi ndani, mtutu ukielekea mahali salama, na mtu akiwa na kitabu cha maelekezo cha bastola ileile, kwa kuwa kila mtengenezaji huweka skrubu zake kwa namna yake. Mwenye kutamani kumiliki aanzie polisi kuuliza masharti ya kibali, kabla ya duka.

Kijana wangu aliuliza tena mtu atajuaje kwamba amemaliza kurekebisha. Bastola hizi huwa na namna ya kufyatua pasipo hewa, kifyatulio kikafanya kazi kama kawaida na ukasikia mlio mdogo tu. Unasimama mbele ya ukuta mweupe usio na shabaha yoyote, unanyoosha mkono, unakaza mshipi wa hatua ya kwanza, unavuta, macho kwenye kilengeo cha mbele. Kikisogea wakati wa ule mlio, tazama kilikoelekea: kushoto au kulia, rudi kwenye mkao wa kidole, kikiruka mwishoni baada ya mlio, rudi kwenye kizuizi. Kikikaa kimya mara kumi mfululizo, rudisha alenki kwenye sanduku lake.